Ragnarök ya kwenye gemu na Ragnarök ya vitabuni: wapi wamechukua, wapi wametunga

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi na kaka yangu tumemaliza God of War Ragnarök. Kaka anashikilia kwamba stori yote imetolewa kwenye vitabu vya kale vya watu wa kaskazini mwa Ulaya: kwamba Loki kweli ni mtoto wa Kratos, na Thor kweli alikuwa na kitambi. Mimi nasema watengenezaji wamechukua majina tu, mengine wametunga. Nani yuko sahihi? Na nikitaka kusoma hadithi zenyewe, nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye kitambi kaka yako yuko karibu na vitabu kuliko wewe. Kwenye Kratos umemshinda wazi. Mengine mmegawana, ila nyote wawili mmeliruka badiliko kubwa kuliko yote, nami nitalifikia. Kwa asiyejua, Ragnarök ni vita vya mwisho vya miungu na mwisho wa dunia katika hadithi za kaskazini. (Wasomaji ambao hamjamaliza gemu hili, mniwie radhi: humu nataja nani anakufa na nani anamuua.)

Tumalizane kwanza na Kratos, mhusika mkuu wa gemu. Katika hadithi za kaskazini hayumo kabisa. Jina ni la Kigiriki: katika mashairi ya kale ya Ugiriki Kratos ni mtoto wa Styx, mtumishi wa Zeus, nguvu iliyopewa umbo la mtu. Hata huyo hahusiani na askari wa Sparta mwenye ngozi ya majivu unayemjua wewe. Huyo ni zao la Santa Monica Studio ya Marekani, kwa ajili ya gemu la kwanza la mwaka 2005. Alipokwisha kuwamaliza miungu wa Ugiriki, studio ikamhamishia kaskazini katika gemu la 2018 lililoongozwa na Cory Barlog, kisha Eric Williams akaongoza hili mlilomaliza, lililotoka Novemba 2022. Shoka lake nalo, Leviathan, lina jina la Kiebrania, la mnyama wa kutisha wa baharini anayetajwa katika kitabu cha Ayubu.

Lakini tazama walivyompenyeza. Katika hadithi za kale Loki, mungu mwenye hila, ni mwana wa jitu Farbauti na mwanamke aitwaye Laufey. Kuhusu Laufey tumebakiziwa jina na maneno mawili matatu, basi. Na jambo la ajabu ni kwamba Loki huitwa kwa jina la mama, Loki wa Laufey, ilhali watu wa kule walizoea kuitwa kwa majina ya baba zao. Hakuna shairi linalotueleza sababu. Watengenezaji wakaliona pengo hilo wakaingia nalo: Laufey wakamfanya Faye, mke wa Kratos aliyefariki kabla stori haijaanza, na mwana wao Atreus akawa Loki. Ukirudi kwenye ule ukuta wa Jotunheim, nchi ya majitu, mwishoni mwa gemu la 2018, majitu wamemchora Kratos na kumwandika kwa jina la Farbauti. Kwa hiyo kaka yako amekosea, ila amekosea mahali ambapo wametunga kwa akili sana. Hawakufuta kilichoandikwa. Walijaza palipoachwa wazi.

Sasa, hivyo “vitabu vya kale” ni vipi? Vya kutegemewa ni viwili, na vyote vilitoka Iceland. Cha kwanza ni mkusanyo wa mashairi uitwao Edda ya Mashairi, ambao sehemu kubwa yake imehifadhiwa katika kitabu kimoja cha ngozi kilichoandikwa miaka ya 1270 hivi. Kitabu hicho kidogo kilipelekwa kwa mfalme wa Denmark mwaka 1662, na Waiceland hawakukipata tena hadi 1971. Cha pili ni Edda ya Snorri Sturluson, mwanasiasa, tajiri na mshairi aliyeandika katika miaka ya 1220 hivi na kuuawa nyumbani kwake Reykholt mwaka 1241. Snorri alikuwa Mkristo, na Iceland ilikuwa imepokea Ukristo tangu mwaka 1000 hivi. Alichokiandika ni kitabu cha mafunzo kwa washairi vijana: bila kuzijua hadithi za miungu usingeweza kufumbua mafumbo ya mashairi ya wazee. Hakuwa akiandika msahafu wa dini ya mababu zake.

Nalisema hili kwa sababu ubishi wenu umejengwa juu ya dhana kwamba kuna stori moja ya asili, kamili, ambayo gemu ama limeifuata ama limeiacha. Haipo. Snorri mwenyewe alichagua, akaunganisha, na palipokosekana kitu huenda naye akajaza. Chukua zile dunia tisa mnazotembelea kupitia mti wa Yggdrasil. Mashairi yanataja kwamba dunia ni tisa, lakini hakuna mahali zinapoorodheshwa zote kwa majina. Orodha mnayoijua, ya Midgard, Asgard, Vanaheim na wenzake, imepangwa na wasomaji wa baadaye kwa kuokota jina hapa na jina pale.

Haya, kitambi. Picha ya kwanza ya Thor, mungu wa ngurumo, wa gemu hili ilipotoka mwaka 2021, watu wengi walilalamika. Walikuwa wamemzoea Thor wa katuni za Marvel, anayetoka tangu 1962: kijana wa dhahabu asiye na ndevu, mwili wa mashindano. Thor wa watu wa kaskazini hakuwa hivyo. Masimulizi ya kale yanamtaja kwa ndevu nyekundu, na kwa mlo ndiyo usiseme. Kuna shairi ambalo jitu Thrym ameiba nyundo yake, Mjolnir, naye anataka aozwe mungu wa kike Freyja ndipo airudishe. Miungu wanamvisha Thor mavazi ya bibi harusi, wanamfunika shela, wanampeleka. Mezani bibi harusi anamaliza ng’ombe dume mzima, samaki aina ya samoni wanane, na vitamu vyote vilivyoandaliwa kwa ajili ya wanawake, kisha anashushia kwa mapipa matatu ya pombe ya asali. Thrym anashangaa, Loki, aliyejifanya mpambe, anajibu upesi kwamba bibi harusi hajala siku nane kwa hamu ya ndoa. Hakuna mstari unaosema “alikuwa na kitambi”, lakini mtu ukimsoma Thor huyu halafu ukamchora na tumbo la kufuta, wewe ndiye unayetunga.

Kumbe pia ni Thor anayechekwa, na hilo gemu limelipoteza. Waliompenda Thor walikuwa wakimcheka. Kule kwa jitu Utgard-Loki (si Loki yule) anashindwa kumwinua paka (ambaye ni lile joka la dunia kwa kiinimacho), anashindwa kumaliza pembe ya kinywaji (ncha yake imezamishwa baharini), na anapigishwa goti na bibi kizee (ambaye ni uzee wenyewe). Thor wa gemu amepewa huzuni ya mlevi. Inamkaa vizuri, sikatai, ila nilikosa kicheko.

Kwenye vitu vidogo, hawa watu wamesoma kweli. Mkuki wa Draupnir unaoupata katikati ya gemu, ule unaojizidisha kila unapourusha: kwa Snorri, Draupnir ni pete ya Odin, mkuu wa miungu, ambayo kila usiku wa tisa hudondosha pete nyingine nane zenye uzito uleule. Wakaichukua tabia ya pete wakaitia kwenye silaha. Waliofua pete hiyo na nyundo ya Thor ni vijeba wawili ndugu, Brokk na Sindri, ambao ni wale wale mafundi wako wa kuboresha silaha. Kichwa cha Mimir kinachoning’inia kiunoni kwa Kratos nacho ni cha zamani: Mimir, mwenye hekima, alipelekwa kwa Vanir, ukoo mwingine wa miungu, kama rehani ya amani, wakamkata kichwa wakakirudisha, na Odin akakipaka dawa za majani kisioze ili aendelee kukiomba ushauri. Katika gemu anayekata ni Kratos na anayekihuisha ni Freya. Hata Odin kujigeuza mungu Tyr na kuishi nyumbani mwenu kwa muda wote ule, jambo ambalo halimo popote vitabuni, ni tabia yake kabisa. Odin wa mashairi hutembea kwa majina ya uongo na kofia iliyoshushwa usoni, na shairi moja linaorodhesha majina yake kwa makumi. Tukio wametunga. Mtu hawakumtunga. Nadhani huyo mzee mpole mwenye sauti ya chini ndiye Odin bora kuliko wote niliowahi kuwaona kwenye skrini.

Na Freya? Wamewaunganisha wawili. Vitabuni Frigg ni mke wa Odin na mama wa Baldr. Freyja ni wa ukoo wa Vanir, binti wa Njord, dada wa Freyr. Gemu limewafanya mtu mmoja. Usikimbilie kusema wameharibu, maana wataalamu nao wamebishana kwa muda mrefu kama wawili hawa hawakuwa mungu mmoja hapo mwanzo.

Kifo cha Baldr kinastahili kituo. Kwa Snorri, Baldr anaanza kuota ndoto mbaya, na mama yake Frigg anazunguka akiapisha vitu vyote visimdhuru: moto, maji, chuma, mawe, magonjwa, nyoka. Anaacha kimoja, kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine, kwa kuuona ni mchanga mno kuapishwa. Miungu wakafanya mchezo wa kumrushia Baldr silaha kwa vile hazimdhuru. Loki akampa tawi la kirukia Hod, ndugu yake Baldr aliye kipofu, akamwelekeza mkono, na Baldr akaanguka. Ukikulia pwani huhitaji kufundishwa uzito wa hadithi hii, kwa sababu Liyongo naye hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Kote kuwili kidonda kinatoka kwa wa damu moja asiyestahili kuwa adui, na nyuma yake kuna mchochezi.

Gemu la 2018 limehifadhi kirukia (mishale anayopewa Atreus na Sindri, kumbuka Freya alivyoshtuka alipoiona akaichoma moto) lakini limegeuza kiini. Baldur wa gemu hasikii chochote, si maumivu wala ladha ya chakula, na anamchukia mama kwa kumlinda hivyo. Hod hayumo kabisa. Uovu wa Loki umekuwa bahati mbaya ya mtoto asiyejua kilichofungwa kwenye mkanda wa podo lake. Hapo ndipo ninapoona mtunzi mzuri: alikwishaamua kwamba Loki wake ni mtoto tunayempenda, na kila kinachofuata kikalazimika kupinda kufuata uamuzi huo. Loki wa Snorri aliyefungwa kwa matumbo ya mwanawe, sumu ya nyoka ikimdondokea usoni huku mkewe Sigyn akiikinga kwa bakuli, huyo asingeweza kuwa Atreus.

Ukoo nao umepinduliwa. Vitabuni Loki na jitu la kike Angrboda wana watoto watatu: mbwamwitu Fenrir, joka Jormungandr, na Hel anayetawala wafu. Sasa Atreus ni mvulana, na Angrboda wa gemu ni msichana wa rika lake, na joka tayari lipo, kubwa kuzunguka dunia. Ufumbuzi wao ni kwamba katika vita vya mwisho Thor alilipiga joka kwa nguvu hadi likarudi nyuma katika wakati, kabla ya kuzaliwa kwake. Ni ujanja, ingawa ukikaa ukaufikiria sana kichwa kinauma. Hel hawakumfanya chochote.

Na wanaokufa? Hapo daftari limevurugwa kabisa. Kwa Snorri, Thor anaua joka, anatembea hatua tisa na kuanguka kwa sumu yake; gemuni anauawa na baba yake mwenyewe kwa kukataa kuendelea kuua. Odin alimezwa na Fenrir. Gemuni roho yake inafungiwa kwenye kijiwe na Sindri anakiponda. Heimdall na Loki waliuana. Gemuni ni Kratos anayemuua Heimdall. Magni na Modi, wana wa Thor mliowaua katika gemu la 2018, vitabuni ndio hasa wanaosalimika na kuirithi Mjolnir.

Hayo yote, mwanangu, bado ni kubadilisha nani alimfanya nini nani. Badiliko ninalosema nyote mmeliruka liko kwenye majaliwa. Katika mashairi, Ragnarök haizuiliki. Shairi kuu, Völuspá, ni mwaguzi wa kike akimsimulia Odin mwanzo wa dunia na mwisho wake, na Odin anasikiliza kifo chake mwenyewe akitajiwa. Hakuna anapoambiwa “ukifanya hivi utaokoka”. Anajua na anaendelea. Anajaza ukumbi wa Valhalla mashujaa waliokufa vitani, ukumbi wenye milango 540, na siku hiyo kila mlango utatoa wapiganaji 800. Kila siku wanapigana kwa mazoezi, na kila jioni wanakaa kula. Na watashindwa. Odin anajua kwamba watashindwa na bado anaongeza watu. Hiyo ndiyo roho ya hadithi hizi: kwamba kujua mwisho hakukupi ruhusa ya kukaa.

Gemu haliwezi kusema hivyo. Ukimpa mchezaji kidhibiti mkononi, ukamfanya akusanye hacksilver (fedha ya gemu), aboreshe ngao na mavazi, afungue ujuzi mmoja baada ya mwingine kwa makumi ya saa, huwezi kumwambia mwishoni kwamba yote hayo hayakuwa na maana. Kuboresha ni ahadi kwamba juhudi hubadilisha matokeo. Ndiyo maana God of War, japo si gemu la kuigiza mhusika (RPG) kwa maana kamili, lilipochukua vipengele vya aina hiyo lilijifunga pia kuachana na majaliwa ya Edda. Wakumbuke Norn, wale wanawake watatu wa majaliwa, Urd, Verdandi na Skuld. Kwa Snorri ndio wanaopanga umri na bahati ya kila mtu. Katika gemu Kratos anawaendea, nao wanamwambia kwamba hakuna kilichoandikwa. Ni kwamba yeye na wenzake hawabadiliki, kwa hiyo hatua zao zinatabirika. Mtu wa Iceland ya karne ya kumi angesikia hayo angedhani Norn hao ni wa bandia. Na ndiyo maana mwishoni inayoteketea ni Asgard, makao ya miungu, peke yake, mchoro wa kifo cha Kratos hautimii, na baba na mwana wanaagana wakiwa hai.

Sisemi ni kosa. Nasema hapo ndipo gemu linaposimama kwa miguu yake, na ukimwambia kaka yako hivyo atakosa la kujibu.

Mwisho wa Völuspá, kwa njia, si giza tupu. Dunia iliyozama inaibuka tena kutoka baharini ikiwa ya kijani, mashamba yanazaa bila kupandwa, Baldr na Hod wanarudi na kukaa pamoja. Na miungu waliosalia wanaokota majanini kete za dhahabu, zile walizokuwa wakichezea zamani kabla mambo hayajaharibika. Miungu wa kwanza kabisa kwenye shairi lile walikuwa wacheza gemu, sijui kwa nini hakuna studio iliyolitumia hilo.

Kama unataka gemu lililoshika lile wazo la kukusanya wafu kwa vita vinavyokuja, tafuta Valkyrie Profile, la kampuni ya tri-Ace ya Japani, lililotoka kwenye PlayStation ya kwanza mwaka 1999. Hilo ni la kuigiza mhusika kwelikweli. Unakuwa Lenneth, mjumbe wa Odin: unasikiliza watu walio karibu kufa, unashuhudia kifo cha kila mmoja, unachukua roho yake, unaifunza, kisha unatakiwa kuipeleka Valhalla ukabaki bila mpiganaji uliyemhangaikia. Muda umehesabiwa, Ragnarök ina tarehe. Lina zaidi ya mwisho mmoja, na ule mzuri huupati kwa bahati, utahitaji maelekezo. Limejaa mambo ambayo hayana uhusiano wowote na Snorri, lakini uzito wa kuaga wafu umo.

Kusoma: anza na Snorri, sehemu iitwayo Gylfaginning. Ni masimulizi ya kawaida, maswali na majibu, unaielewa bila msaada. Baada ya hapo soma shairi la harusi ya Thor, liitwalo Thrymskvida, kwa sababu ni fupi na utacheka, ndipo uingie Völuspá, ambayo ni ngumu na inarukaruka. Kwa Kiingereza kuna tafsiri za zamani ambazo unaweza kuzisoma bure kwenye intaneti, ya Snorri iliyofanywa na Arthur Gilchrist Brodeur mwaka 1916 na ya mashairi iliyofanywa na Henry Adams Bellows mwaka 1923. Kiingereza chao ni cha kizee kidogo, hasa cha Bellows, lakini maelezo yake chini ya kila ukurasa yatakusaidia kujua nani ni nani. Majina utayakuta yameandikwa tofauti na ya kwenye gemu, Baldur atakuwa Baldr, Freya atakuwa Freyja. Ni watu wale wale.